Kidonda cha Paka: Tazama Kwanza, Dawa Nyuma

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa jamaa, paka ni msaidizi wa nyumba: anafukuza panya katika unga. Siku moja mtoto wake anatoka vidonda kwa uso, na baba analeta mafuta ya zamani ya motere kutoka gereji apate kumpaka. Usifanye hivyo! Paka anajilamba mwili mzima. Kile unachopaka kwa ngozi kitaingia tumboni. Mafuta ya motere, dawa ya viroboto ya mbwa, dawa ya upele ya watu: vyote vyaweza kumwua.

Wengine husema: «Ni vumbi ya Kingamyambo.» Vumbi yaweza kuwasha macho, lakini haichori duara kwa ngozi. Tazama vizuri:

1. Duara lisilo na manyoya, lenye magamba kama majivu: mara nyingi ni choa. Ni namna ya ukungu, na inaambukiza watu, zaidi watoto.

2. Maganda magumu yanayoanza kwa masikio na kushuka usoni, paka akijikuna sana: huenda ni upele, wadudu wadogo mno.

3. Uvimbe wa usaha upande mmoja: pengine alipigana, akaumwa.

4. Vidonda kwa ulimi, pamoja na kamasi na machozi: mafua ya paka.

5. Manyoya yaliyoungua: alisogea mbabula.

Mama mmoja alileta kwetu mtoto wa shule mwenye duara jekundu kwa shavu. Alipakwa dawa, akapona, duara likarudi. Nikauliza: «Mama, nyumbani kuna paka?» Kumbe alilala na mtoto kitanda kimoja! Tukatibu mtoto, paka akapelekwa kwa munganga wa wanyama, mashuka yakafuliwa. Ugonjwa ukaisha.

Basi, paka mgonjwa akae peke yake katika sanduku. Ukimgusa, nawa mikono kwa sabuni. Usimtupe njiani: utampelekea jirani ugonjwa. Akikuuma au kukukwaruza, osha pale kwa maji na sabuni dakika 15, kisha uende hospitali siku ile ile, kwa maana kichaa cha mbwa hupita kwa paka pia.

Kazini tunatazama mashini mbele ya kuigusa. Nyumbani tufanye vile vile.