Mawe ya Port Reitz

Mwaka mamangu alipokwenda kuhiji, tulimsindikiza jamaa wote hadi uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa. Babu, babake mama, alikuwa amekwisha kuwa mtu wa kutembelea bakora. Ndege hakuitazama, aliangalia chini, kisha akaniambia: "Mjukuu wangu, hapa nimechukua mawe kichwani."

Kwa wasiojua, uwanja ule ulikuzwa na vita, si na mahujaji wala watalii. Zama za Vita Kuu vya Pili, uwanja wa Port Reitz ulipanuliwa na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini. Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Colombo, na manowari za Waingereza zikahamia Kilindini. Ndege zao nazo zikataka pa kutua.

Kuugeuza uwanja wa askari uwe wa abiria si kazi ya kubadili kibao. Askari huridhika na njia fupi na mahema. Ndege kubwa ya abiria yataka njia ndefu na ngumu, taa, forodha, uhamiaji, na pa kungojea. Hayo yalifanywa, na mwaka 1979 uwanja ukawa wa kimataifa. Leo njia yake kubwa yapita kilomita 3. Watalii walikuja moja kwa moja kutoka Ulaya, na vijana wetu wakapata kazi mahotelini. Neema haifichiki, Alhamdulillahi.

Lakini lipo linaloniuma. Reitz alikuwa luteni wa Kiingereza aliyewekwa Mombasa mwaka 1824. Mwaka huo huo akafa kwa homa. Hakuchimba hata shimo moja, lakini jina lake lingali kwenye hori ile na mtaa wake. Uwanja nao wachukua jina la aliyekuwa Rais. Ama waliosawazisha ardhi na kubeba mawe, mimi sijaona kibao chenye majina yao.

Wahenga walisema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Babu ametangulia mbele ya haki, na mwenyewe hakujaaliwa kuhiji. Mamangu aliondoka juu ya mawe yake.

Nawasihi, ndugu wasomaji: aliye na mzee Changamwe, Chaani au Magongo, amketie leo, amuulize nani na nani walifanya kazi pale, na majina ayaandike. Jiwe halina ulimi. Tusipolisemea sisi, nani atalisemea?