Nasaba Bila Cheti Garissa

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Lakini, ndugu msomaji, sheria ya Kenya tangu Uhuru wa 1963 ilimlazimu mtu aiache: mtu mzima hakuruhusiwa uraia wa nchi mbili. Watoto wa Garissa waliochukua pasi ya Marekani au Uingereza kwa kutafuta riziki wakawa wageni kwao.

Katiba ya 2010 iligeuza mambo. Kifungu cha 14 chasema mtu ni raia kwa kuzaliwa iwapo baba au mama yake ni raia, hata akizaliwa ng'ambo. Kifungu cha 16 chasema raia huyo hapotezi uraia akichukua wa kwingine. Aliyeupoteza zamani aweza kuuomba tena.

Hata hivyo nasaba huthibitishwa kwa karatasi. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walisailiwa na kupewa kadi za rangi ya waridi, wao peke yao. Kambi za Dadaab zilipofunguliwa 1991, wenyeji waliobanwa na dhiki walijiandikisha ukimbizi wapate posho. Alama zao za vidole zikawanyima vitambulisho kwa miaka mingi. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza kukomeshwa kwa usaili maalumu wa watu wa mpakani.

Basi mzazi, wa Garissa au wa Pwani, kabla hujaulizia pasi ya ng'ambo, hifadhi cheti na kitambulisho chako. Bila hivyo, mjukuu atakayezaliwa Minneapolis atashika nini mkononi aseme, "Kwetu ni Garissa"?