Katiba aliyoipigania Mutula ilivyomzuia bintiye kurithi kiti

JULAI 2013, wapiga kura wa Makueni walikuwa wamejiandaa kumchagua Bi Kethi Kilonzo awe seneta wao, ashike nafasi ya babake, Mutula Kilonzo, aliyefariki Aprili 27 mwaka huo. Chama cha Wiper kilikuwa kimempa tiketi, umaarufu alikuwa nao, na huruma ya wananchi ilikuwa upande wake. Hata hivyo, jina lake halikufika kwenye karatasi za kura. Kilichomzuia si mpinzani mwenye nguvu bali kifungu cha Katiba, ile ile ambayo babake, akiwa Waziri wa Haki, alisaidia kuivusha mwaka 2010.

Kisa hicho kingali kinasimuliwa Ukambani, kuanzia Mbooni na Kibwezi hadi Nuu, kule Mwingi katika Kaunti ya Kitui. Kwa anayetaka kujua jina la ukoo lina nguvu kiasi gani katika siasa za Kenya, na linaishiwa nguvu wapi, ni vigumu kupata mfano bora kuliko huo.

Mutula hakuzaliwa katika nyumba ya wanasiasa. Alizaliwa Mbooni mwaka 1948, akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako alihitimu kwa daraja la kwanza, sifa ambayo hakuacha watu waisahau. Sheria ndiyo iliyompa mali. Alijenga kampuni ya uwakili jijini Nairobi, na miongoni mwa wateja wake alikuwa Rais Daniel arap Moi. Utajiri wake ulionekana zaidi Maanzoni, katika Kaunti ya Machakos, alikokuwa na shamba kubwa ambamo alifuga hata wanyama wa porini, wakiwemo simba. Si mawakili wengi wa kizazi chake walioweza kujigamba hivyo, naye hakuwa mtu wa kuficha alichonacho.

Katika siasa aliingia kwa mlango wa nyuma. Baada ya KANU kushindwa katika uchaguzi wa Desemba 2002, chama hicho kilimteua kuwa mbunge maalum. Miaka mitano baadaye aliomba kura mwenyewe, akashinda kiti cha Mbooni kwa tiketi ya ODM-Kenya, chama cha Bw Kalonzo Musyoka. Nchi ilipowaka moto baada ya uchaguzi huo wa 2007, alikuwa mmoja wa waliouwakilisha upande wa Rais Mwai Kibaki katika mazungumzo yaliyoongozwa na Kofi Annan, pamoja na Bi Martha Karua, Profesa Sam Ongeri na Bw Moses Wetang'ula. Mwaka 2008 akawa waziri wa ustawi wa jiji la Nairobi na viunga vyake. Bi Karua alipojiuzulu wizara ya Haki na Masuala ya Katiba mwaka 2009, Mutula akachukua mahali pake.

Hapo ndipo kazi yake kubwa ilipo. Rasimu iliandikwa na kamati ya wataalamu chini ya wakili Nzamba Kitonga, mzaliwa wa Kitui, lakini waziri ndiye aliyetakiwa kuitetea serikalini, bungeni na mbele ya wananchi, wakati mawaziri wenzake kadhaa wakiipinga hadharani. Kura ya maamuzi ilipigwa Agosti 4, 2010, na Katiba ikazinduliwa Agosti 27. Ililetea Kenya kaunti 47 na ikarudisha Seneti. Pia iliweka masharti kuhusu nani anaweza kugombea. Kifungu cha 99 kinasema, kwa maana yake, kwamba mtu hafai kuchaguliwa kuwa mbunge au seneta iwapo hajaandikishwa kuwa mpiga kura. Wakati huo sharti hilo halikumshughulisha mtu, kwani ni mwanasiasa gani angesahau kujiandikisha?

Machi 2012 Mutula alihamishiwa Elimu. Huko aliwakasirisha walimu wengi kwa kupiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo. Wizara ya Haki ilimwendea Bw Eugene Wamalwa, nduguye marehemu Makamu wa Rais Michael Wamalwa, naye mtu wa ukoo wa kisiasa. Katika uchaguzi wa Machi 4, 2013, Mutula alichaguliwa kuwa seneta wa kwanza wa Makueni. Hakumaliza hata miezi miwili. Alikutwa amefariki nyumbani kwake Maanzoni, akiwa na umri wa miaka 64.

Macho yalielekezwa kwa watoto. Bi Kethi, naye wakili, alikuwa amejipatia jina mwezi mmoja tu kabla ya msiba, alipowakilisha shirika la AfriCOG katika Mahakama ya Juu kwenye kesi ya kupinga ushindi wa Bw Uhuru Kenyatta. Kesi ilishindwa Machi 30, lakini watazamaji wa televisheni kote nchini walimsikia akizungumza, na wengi waliona sauti ya babake imepata mrithi.

Wapinzani wake walipeleka malalamiko kwamba hakuwa mpiga kura. Uandikishaji wa mitambo uliofanywa na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ulikuwa umefungwa Desemba 18, 2012. Bi Kethi alishikilia kuwa alijiandikisha, akatoa karatasi ya kuthibitisha. Tume ilisema jina lake halimo katika sajili. Jopo la kusikiliza mizozo ya uteuzi lilimwondoa, naye akaenda Mahakama Kuu, ambayo pia haikumpa nafuu. Wala hakuweza kwenda kujiandikisha upya siku hizo, kwa maana sheria ya uchaguzi husimamisha uandikishaji mara kiti kinapotangazwa kuwa wazi mpaka uchaguzi mdogo ufanyike.

Siku zilizobaki zilikuwa chache. Wiper iliruhusiwa kuleta jina jingine, ikamleta Mutula Kilonzo Junior, kaka yake Kethi, naye pia wakili. Julai 26 alimshinda Profesa Philip Kaloki wa NARC kwa tofauti kubwa mno, ingawa muda wake wa kufanya kampeni ulikuwa wa kuhesabu siku.

Matokeo hayo yanaeleza jambo ambalo wageni wa siasa za Ukambani hulikosea. Si kweli kwamba ukoo peke yake ndio uliopigiwa kura. Tangu Bw Musyoka ajenge chama chake katika eneo hilo, tiketi ya Wiper katika sehemu nyingi imekuwa nusu ya ushindi, na vita vikali hupiganwa katika mchujo kabla ya siku ya kura. Ukoo husaidia pale chama kinapotafuta mtu wa kumpa tiketi hiyo. Mwenye jina hahitaji kujulishwa kwa watu, na haraka inapokuwepo, faida hiyo ni kubwa.

Fedha nazo zina pahala pake. Katika wadi kama Nuu, iliyoko Mwingi ya Kati, mvua haina ahadi. Wakulima hutegemea ndengu, mtama na mbuzi, na kwa muda mrefu kisima au darasa jipya vilipatikana kwa harambee. Aliyekuwa na biashara au kampuni ya uwakili Nairobi ndiye aliyeweza kuja na mchango mnono. Sheria ya maadili ya mwaka 2003 iliwazuia maafisa wa umma kutumia vyeo vyao kuchangisha, na mwaka huo huo ikaja hazina ya maeneo bunge, CDF. Lakini mazoea ya kumpima kiongozi kwa ukubwa wa mfuko wake hayakufa.

Kitui ina koo zake. Watoto wa Chifu Mwendwa walivuma tangu uhuru. Ngala Mwendwa alikuwa Waziri wa Kazi chini ya Mzee Jomo Kenyatta, na nduguye Kitili akawa Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika mwaka 1968, kabla ya kujiuzulu mwaka 1971. Mkewe Kitili, Bi Nyiva Mwendwa, aliingia bungeni mwaka 1974 kupitia Kitui Magharibi, na mwaka 1995 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri kamili nchini. Hata hivyo, mwaka 1997 wapiga kura hao hao walimwacha wakamchukua Bw Francis Nyenze. Naye Nyenze alipofariki Desemba 2017, mjane wake, Bi Edith Nyenze, alishinda uchaguzi mdogo wa Machi 2018 kwa tiketi ya Wiper.

Seneta Mutula Junior alirudishwa mwaka 2017, na Agosti 2022 akachaguliwa gavana wa Makueni baada ya Profesa Kivutha Kibwana kumaliza vipindi viwili. Kiti cha useneta kilichokuwa cha babake kikaondoka mikononi mwa familia: kilichukuliwa na Bw Dan Maanzo, aliyekuwa mbunge wa Makueni, kwa tiketi ile ile ya Wiper.