Je, Wajua? Umeme mgongoni na hatua za aliyepooza

Ajali inapoumiza uti wa mgongo, neva zilizo chini ya jeraha mara nyingi hubaki hai. Kinachopungua ni amri ya ubongo kuzifikia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Louisville, Marekani, walieleza habari za wagonjwa wanne waliopandikizwa mashine yenye elektrodi za umeme juu ya utando wa uti huo, sehemu ya kiunoni. Wawili walitembea tena, wakitumia vifaa vya kuegemea. Wapo wanaosema hizo ni hatua za mashine. Sikubaliani nao: mashine ilipozimwa hawakutembea, lakini hata ilipowashwa hawakupiga hatua mpaka wao wenyewe wanuie. Umeme huziongezea neva usikivu tu, na kazi iliyobaki ni ya mgonjwa: mmoja alihitaji vipindi 278 vya mazoezi katika wiki 85, mwenzake 81 katika wiki 15.

Hoja nzito zaidi ni ya hatari za upasuaji na za mazoezi yenyewe. Mmoja wa wanne hao alivunjika nyonga mazoezini. Hata hivyo wote waliweza kusimama wenyewe na kuketi imara, na kwa mtu aliyekuwa akishikiliwa ili asianguke, huo ni uhuru mkubwa.