Lenzi pana kwa mfuko mdogo: mambo ya kujua kabla pesa ya korosho haijaisha

Malipo ya korosho yanapoanza kuingia, maswali yanayofika studio kwetu hubadilika. Wengine huulizia mabati, wengine pikipiki. Safari hii kijana mmoja mpiga picha wa Newala ametuuliza kuhusu lenzi. Ana kamera, ana akiba kidogo, anataka lenzi pana sana, ile inayoingiza chumba kizima kwenye picha moja. Anaomba tumsaidie asikosee tena.

Tunasema tena kwa sababu alishakosea mara moja. Alinunua lenzi ya mtumba kwa njia ya simu, ikasafirishwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, ikamfikia asubuhi ya harusi. Ilikaa vizuri kwenye kamera yake, lakini haikushika fokasi hata kidogo. Akapiga sherehe ile kwa lenzi yake ya zamani, mgongo ukiwa umegusa ukuta. Picha zilipotoka, mama wa bi harusi akauliza, "Mwanangu, bibi yuko wapi?" Bibi alikuwa amekaa mwisho wa mkeka. Hakuingia kwenye picha hata moja.

Tumeona swali lake ni la wengi kati ya Masasi na Newala, kwa hiyo tunalijibu hapa.

Kwanza, je, unaihitaji kweli?

Wengi hudhani lenzi pana ni ya kupigia mandhari. Nenda Shimo la Mungu pale Newala, simama ukingoni, piga bonde kwa lenzi pana sana. Utapata anga kubwa na majani ya miguuni pako, lakini vilima vya mbali vitakuwa vidogo kama punje. Lenzi pana husukuma vitu vya mbali viende mbali zaidi. Vilevile kwa milima ya mawe ya Masasi: ikiwa unaweza kurudi nyuma hatua 20, lenzi uliyonayo inatosha.

Kwa mandhari kuna njia isiyo na gharama. Shika kamera au simu wima, piga picha nne au tano ukizunguka polepole, kila picha ikirudia theluthi ya iliyotangulia, kisha ziunganishe kwa programu ya simu. Simu nyingi zina kitufe cha kufanya kazi hiyo zenyewe.

Lenzi pana ina kazi pale ambapo huwezi kurudi nyuma: sebule ndogo wakati wa kumpokea bi harusi, darasa, ghala la chama cha msingi, au uani watu walipobanana kwenye sherehe ya mwali kutoka. Hapo ndipo pesa yako inapofanya kazi.

Namba zinamaanisha nini?

Namba ya milimita ikiwa ndogo, lenzi inaona pana zaidi. Kamera nyingi za bei nafuu huja na lenzi ya milimita 18 hadi 55. Kwa Canon za aina hiyo, ukisimama mita 3 kutoka kwa watu, milimita 18 inaonyesha upana wa mita 3.7 hivi. Milimita 10, ukiwa umesimama palepale, inaonyesha upana wa mita 6.7. Kwa Nikon ni zaidi kidogo. Tofauti hiyo ya mita 3 ndiyo nafasi ya bibi mwisho wa mkeka.

Kuna mtego hapa. Muuzaji anaweza kukuambia lenzi ya milimita 17 hadi 40 ni pana sana. Ni kweli kwa kamera kubwa za bei ghali zenye sensa kubwa. Kwenye kamera yako ya sensa ndogo itaona karibu sawa na ile 18 uliyonayo. Utakuwa umenunua kitu ulichokuwa nacho.

Lenzi zipi za kuulizia?

Mwenye Canon ya sensa ndogo aulizie EF-S 10-18mm, iliyotoka mwaka 2014. Ni nyepesi, gramu 240, na inapunguza mtikisiko wa mkono. Kumbuka haiingii kwenye Canon za sensa kubwa kama 6D.

Mwenye Nikon aulizie AF-P 10-20mm, ya mwaka 2017, lakini aangalie bodi yake kwanza. Kwenye D3100 na D3200 lenzi hiyo haishiki fokasi. Hilo ndilo lililomkuta kijana wetu. Kwenye D3400 na D5600 inafanya kazi.

Lenzi hizi mbili hazipendi giza. Tokina 11-16mm inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili yake, na ni nzuri kwa ngoma za usiku. Ila toleo lake la kwanza halina mota ya fokasi, hivyo kwenye Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000 utazungusha fokasi kwa mkono. Toleo la pili lina mota.

Na vile vioo vidogo vya kubana kwenye simu? Katikati huonyesha vizuri, pembeni hutia ukungu. Kama simu yako ina kamera ya 0.5, itumie hiyo mchana kabla hujanunua kitu kingine.

Kukagua lenzi ya mtumba

Mtumie muuzaji jina kamili la kamera yako, lenye herufi na namba zote. Mwombe akupigie simu ya video, aifunge lenzi kwenye kamera ya aina hiyohiyo, uone ikishika fokasi. Kisha amulike tochi kupitia kioo. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui ndani, hiyo ni fangasi, iache. Mwisho apige picha ya ukuta wa matofali. Mistari ya pembeni ikiwa na ukungu upande mmoja tu, lenzi hiyo huenda ilianguka.

Usikubali ikufikie siku ya kazi. Iwe mkononi angalau wiki moja kabla.

Ukishaipata

Lenzi pana huvuta vitu vya pembeni. Mtu aliyekaa ukingoni mwa picha hunenepa na kichwa hurefuka. Waweke wahusika wakuu katikati, acha nafasi kidogo kila upande, na shika kamera sawasawa bila kuiinamisha, la sivyo kuta zitaonekana zinaanguka. Usimsogelee mtu sana usoni, pua yake itakuwa kubwa na hatakulipa.

Tena, lenzi kuona kila kitu si ruhusa ya kupiga kila kitu. Mambo ya ndani ya jando na unyago yana wenyewe. Sisi tunapiga yanayotoka uwanjani, baada ya kuwauliza wazee.

Kijana wetu amemrudishia muuzaji lenzi ile na sasa anatafuta inayolingana na D3200 yake. Jumamosi moja alirudi kwa familia ile, akampiga bibi picha peke yake, amekaa kwenye mkeka uleule. Hakuwatoza.