Usichomoe Flashi Bado

Katika maduka ya steshenari ya Chake Chake na Wete, flashi haina mapumziko. Mwalimu analeta mtihani wa kuchapwa, kijana anataka kuwekewa mawaidha au taarabu. Faili linakopiwa, mstari wa kwenye kioo unafika mwisho, na papo hapo flashi inachomolewa. Ikifika nyumbani, faili linafunguka nusu au halifunguki kabisa, na lawama zote wanabebeshwa virusi. Mara nyingi virusi hawamo.

Mstari ule ukijaa, huenda data imefika tu kwenye ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Mfumo endeshi hufanya hivyo kwa makusudi. Flashi ya bei rahisi huweza kuandika megabaiti 5 tu kwa sekunde, kwani chipu zake haziandiki juu ya data ya zamani mpaka bloku nzima ifutwe kwanza. Ramu hupokea maelfu ya megabaiti kwa muda huo huo. Basi mfumo unaipokea data, unaijulisha programu kuwa kazi imekwisha, halafu unaendelea kuiandika taratibu bila mtumiaji kuona.

Linux, mfumo endeshi uliomo pia ndani ya simu za Android, ina kanuni zake za kawaida. Kila baada ya sekunde 5 huangalia kinachosubiri, na data iliyokaa zaidi ya sekunde 30 huanza kupelekwa. Data yote inayosubiri ikizidi asilimia 10 ya ramu iliyo wazi, uandishi huanza bila kungoja muda. Ikikaribia asilimia 20, programu zinazoandika huzuiwa mpaka mrundikano upungue.

Kasoro iko hapa: asilimia hizo hupimwa kwa ukubwa wa ramu, na kasi ya flashi haizingatiwi vya kutosha. Piga hesabu. Ramu iliyo wazi ikiwa gigabaiti 8, asilimia 20 yake ni gigabaiti 1.6. Kwa megabaiti 5 kwa sekunde, hizo ni zaidi ya dakika 5 za kuandika, na muda huo hata programu isiyohusika na flashi inaweza kuganda. Mwaka 2013 Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, alikiri kwamba viwango hivyo ni vikubwa mno kwa mashine za siku hizi. Windows 10, kuanzia toleo la 1809 la mwaka 2018, iliacha kulimbikiza hivyo kwa vifaa vya kuchomekwa, lakini kompyuta nyingi za zamani bado zinafanya kazi.

Kwetu Pemba kuna jambo jingine. Tangu 2010 umeme wetu unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari. Ukikatika, kompyuta ya mezani isiyo na UPS hupoteza kila kilichomo kwenye ramu. Likiwa ndilo jedwali la flashi, linaloonyesha kila faili liko wapi, lililokuwa likiandikwa, hata mafaili ya mwaka jana yanaweza yasionekane tena.

Wenye maduka, na walimu wa kompyuta maskulini: bonyezeni amri ya kuitoa flashi kwa usalama, mngoje mashine iseme tayari. Wa Linux aandike sync, asichomoe mpaka amri ile imalize. Mteja akiwa na haraka, mwambieni asubiri.