Je, Wajua? CRP ya Mbwa Haisemi Lolote kwa Paka

Mwaka 1930, William Tillett na Thomas Francis wa Taasisi ya Rockefeller, New York, waligundua kwamba damu ya wagonjwa wa nimonia ilikuwa na kitu kilichogandamana na sukari fulani ya bakteria wa ugonjwa huo, sukari iliyopewa jina la C. Mgonjwa alipopona, kitu hicho kilitoweka. Ndiyo protini ambayo maabara leo huiandika kwa kifupi CRP. Hutengenezwa na ini, pindi chembe za kinga zinapolipelekea habari kwamba mahali fulani mwilini pana jeraha, vijidudu au tishu zinazokufa. Mbwa naye anayo, na kwake ni shahidi hodari: mbwa mzima kwa kawaida huwa na chini ya miligramu 10 hivi kwa lita moja ya seramu, na ugonjwa mkali unaweza kuivusha 100 ndani ya siku moja au mbili. Lakini mchukue paka mwenye maambukizi mazito, umpime protini hiyohiyo, na karibu hutaona kitu. Kwake shahidi ni mwingine, aitwaye amiloidi A ya seramu.

Tofauti hizi haziishii kwa paka. Farasi pia hupimwa amiloidi A, ambayo kwake huweza kupanda mamia ya mara. Ng'ombe mwenye afya karibu hana kabisa protini iitwayo haptoglobini katika damu, ila akipata ugonjwa wa kiwele au kondo la nyuma likakwama baada ya kuzaa, inapanda ghafla. Panya mkubwa wa maabara (rat) ndiye kituko kabisa: CRP yake iko juu hata akiwa hana ugonjwa wowote. Kwa hiyo naona ni kosa kukiita kipimo chochote “kipimo cha inflamesheni ya wanyama” na kuishia hapo. Namba inayotoka maabara haina maana mpaka ijulikane damu ni ya nani, na kingamwili iliyotumika kuisoma ilitengenezwa dhidi ya protini ya nani.

Hilo la kingamwili ndilo lenye uzito zaidi. Njia ya upimaji iitwayo ELISA, iliyochapishwa mwaka 1971 na Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm, hutumia sahani ya plastiki, mara nyingi yenye vishimo 96. Katika namna inayotumika sana, chini ya kila kishimo hubandikwa kingamwili inayoikamata CRP ya mbwa. Seramu iliyozimuliwa inamiminwa, visivyokamatwa vinaoshwa, kisha inaongezwa kingamwili ya pili iliyofungiwa kimeng'enya, nayo inaing'ang'ania protini kwa upande wa pili. Mwishoni hutiwa dawa ambayo kimeng'enya huigeuza rangi. Rangi ikikolea, protini ni nyingi, na mashine huilinganisha na vishimo vyenye kiasi kinachojulikana. Sasa, CRP ya binadamu na ya mbwa zinafanana, ila si sawasawa. Kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya CRP ya binadamu inaweza kuishika ya mbwa kwa ulegevu, au isiishike kabisa, na mashine itatoa namba nadhifu vilevile. Zipo njia za binadamu zilizofanya kazi kwa mbwa, lakini baada ya kuhakikiwa kwa damu ya mbwa. Tena protini ikizidi mno bila kuzimuliwa, katika baadhi ya vipimo hivi kingamwili zote mbili hujaa kila moja peke yake, na mnyama mgonjwa sana akasomeka kama mwenye nafuu.

Mfugaji atauliza, kwa haki, kwa nini asitumie kipimajoto na hesabu ya chembe nyeupe, ambavyo ni rahisi. Avitumie. Ila joto hupanda kwa hofu na kwa safari ya juani, na chembe nyeupe huvurugwa na dawa za kotisoni, wakati CRP ya mbwa haitikiswi sana na dawa hizo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kipimo hiki hakitaji ugonjwa: usaha ndani ya mji wa mimba, nimonia na kongosho iliyowaka vyote huipandisha. Ni kweli, na anayekitumia kupata jina la ugonjwa anapoteza fedha. Wala ELISA yenyewe, inayochukua saa kadhaa, haimfai mbwa mmoja anayesubiri mezani. Ndiyo maana kliniki nyingi hutumia vipimo vya haraka, na ELISA ikabaki zaidi kwa watafiti wenye sampuli nyingi.

Faida ya kupima CRP iko kwenye mwendo wa namba. Upasuaji wenyewe huipandisha CRP, hata ukienda vizuri, kisha hushuka siku hadi siku. Mbwa aliyesomeka 80 kesho yake hamshtui daktari. Akisomeka 80 hiyohiyo wiki moja baadaye, kidonda kinafunguliwa bandeji na kukaguliwa upya.